Hadithi za Treni Hazisomwi Mchana

Abdulkarimu alikuwa hajawahi kupanda treni. Kwao Baraka, upande wa Kongo, ng'ambo ya ziwa, watu husafiri kwa boti au kwa miguu. Kwa hiyo alipoona kwamba siku moja naye huenda akapanda treni, alikwenda kwa wauza vitabu vya mitumba karibu na stesheni ya Kigoma kutafuta kitabu cha kumweleza treni ni kitu gani, akarudi na mkusanyiko wa hadithi za kutisha. Zote, kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, zinatokea ndani ya treni. Muuzaji alimwambia ni kitabu cha safari.

"Umedanganywa," nilimwambia.

"Si iko picha ya treni hapa juu?"

"Na huyu aliyekaa dirishani bila kichwa, hukumwona?"

Karimu akalichunguza lile jalada. "Nilifikiri ameinama," akasema.

Mtu kama huyo utamfanya nini? Mimi nilimpenda, na niseme wazi kwamba nilimpenda kabla ya vita, tangu siku zile anavuka ziwa na mabalo ya vitenge yaliyofungwa kwa kamba kumletea Baba dukani. Siku zile Baba alikuwa akimwita "mgeni wangu", na Shangazi Yusra alimpakulia pilau kwa mkono wake mwenyewe. Vita vilipofika kwao, akavuka kwa boti ileile, safari hii bila balo hata moja, na watu walewale wakaanza kumwita mkimbizi. Shati alilofika nalo nililijua, alikuwa amelivaa nyumbani kwetu Idi iliyopita.

Duka letu lilikuwa Kigoma mjini, kwenye mteremko wa kushukia stesheni, ingawa sisi ni watu wa Ujiji na jioni tulirudi kulala Ujiji. Baba akienda msikitini au akijinyoosha baada ya chakula, Karimu alikuwa anapita. Mimi nilisoma kwa sauti, yeye alikunja vitenge. Tulisoma ya bibi harusi anayepandia kwenye kituo kisicho na jina. Tulisoma ya mkagua tiketi ambaye mikono yake ni ya baridi kwa sababu alikwisha kufa. Kila nikifika pabaya, kigoda cha Karimu kilisogea karibu na changu. Sikuona haja ya kumwambia kwamba sehemu nyingine kitabu hakikutisha hivyo, niliongeza mwenyewe.

Shangazi Yusra alitukuta mara moja tukisoma, akasimama mlangoni akifunga ushungi wake.

"Hadithi mchana?" akasema. "Hivi wewe Saumu hukufundwa? Bibi yako alikuwa hatoi hadithi mpaka jua lizame. Hadithi ya mchana inampoteza msafiri."

"Hapa hakuna msafiri, Shangazi," nilimjibu.

Siku ile kweli hakuwapo. Ilipofika Jumanne alikuwapo.

Ilikuwaje hata Karimu akapata safari? Alimwendea Baba kuniposa. Alikwenda peke yake, akakaa ukingoni mwa mkeka, akasema lililomleta. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikisubiri kusikia Baba akimfukuza. Lakini baba yangu, Mzee Kassimu, hakumfukuza. Alikohoa, akasema kwa upole, "Mwanangu, mimi sina neno nawe. Lakini binti wa watu haombwi na mposaji mwenyewe. Mlete mkubwa wako akae hapa na mimi, tuzungumze, na mambo yatakwenda."

Mkubwa wake alikuwa mmoja tu aliyebaki hai, Mzee Ramazani, kaka wa marehemu baba yake. Huyo alikuwa amekwisha kupelekwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Lugufu kwa treni, pamoja na mkewe. Karimu yeye alikuwa amejibanza mtaa wa Buzebazeba kwa wavuvi aliokuwa akifanya nao biashara zamani. Basi akatoka kwa Baba anacheka, akaenda moja kwa moja kuomba nafasi kwenye treni ya wakimbizi ya Jumanne. Angefika kambini, angemchukua baba yake mkubwa, angerudi naye. Tukaona jambo limekwisha.

Shangazi naye akabadilika. Mwanamke ambaye tangu vita alikuwa akipita mbele ya Karimu kana kwamba anapita mbele ya gunia, sasa akawa anamuuliza kama amekula.

Jumanne mchana jua lilikuwa kali na mteremko wote hadi stesheni ulikuwa umejaa watu na mizigo. Karimu alikuja kuniaga. Mkoba wake alikuwa ameuacha stesheni kwa wenyeji wake.

"Imebaki moja," akasema, akinionyesha kitabu. "Nisomee zote kabla sijapanda. Sitaki kukutana na kitu ambacho sikijui."

"Hujaridhika na maiti wote hawa?"

"Soma, Saumu. Niko naogopa kidogo, lakini soma."

Hadithi ya mwisho haikuwa na jini wala damu. Wageni fulani wamekaa katika mji wa watu. Wenyeji wanawapenda sana. Siku ya kuondoka wanawafungia chakula, wanawabebea mizigo mpaka stesheni, wanawapandisha behewa la mwisho ambalo ndilo lenye viti vizuri, wanalia wakiwapungia. Katikati ya pori treni inasimama usiku, halafu inaondoka, lakini behewa la mwisho haliondoki nayo. Limekatwa. Abiria wanaamka asubuhi wanaona miti. Wanaambiana kwamba treni itarudi kuwachukua. Wanachana nywele, wanakunja tiketi vizuri ili zisichakae. Wakiuliza, wanajibiwa kwa adabu na mtu wa reli aliye nje kwamba wasubiri, treni iko njiani. Nyasi zinaota mpaka madirishani na wao wanasubiri, wanapeana zamu ya kukaa upande wenye hewa. Ukurasa wa mwisho ndio unaosema kwamba waliolikata behewa walikata kwa kuombwa, na walioomba ni walewale wenyeji, na ndiyo maana walilia.

Hapo sikuongeza neno langu hata moja.

Karimu alikuwa ameshika kitenge mkononi hajamaliza kukikunja. "Kwa nini hawakushuka watembee?" akauliza.

"Waliambiwa wasubiri."

"Mutu anaweza kusubiri hivyo?"

Nilitaka kumshika mkono, na nikamshika, mchana kweupe na mlango wa duka uko wazi. Vidole vyake vilikuwa vinene vya kubebea mabalo. Alinitazama usoni muda mrefu, namna ambayo mtu hutazama kitu anachotaka kukumbuka kilivyo, na mimi nikaona haya nikatazama chini.

"Nitarudi na muzee," akasema. "Atakaa kwa mukeka wa baba yako na atasema jina langu na la baba yangu na la babu yangu. Halafu utakuwa wangu kwa haki, hakuna mutu atasema nilikuiba."

"Nenda, usije ukaachwa," nikamwambia, nikachukua kile kitenge nikamalizia kukikunja.

Akatoka. Mlangoni alipishana na Shangazi Yusra, ambaye alikuwa amebeba kikapu kimefunikwa kitambaa cheupe. Karimu akamwamkia, "Shikamoo Shangazi," naye akaitikia marahaba kwa furaha kabisa, akakaa kigodani kufungua kikapu anionyeshe. Mikate ya kumimina. Dagaa wa kukaanga, wamekaangwa kwa mawese kama Karimu anavyopenda. Chupa ya chai. Kulikuwa hata na shuka jipya.

"Nitampelekea mwenyewe stesheni," Shangazi akasema. "Msafiri hasindikizwi mikono mitupu. Nitambebea na mkoba akiruhusu."

Nilikitazama kile kikapu. Kitabu kilikuwa bado mapajani mwangu kwenye ukurasa uleule.

"Shangazi," nikasema. "Akishaingia kambini, anatokaje?"

"Kwa kibali."

"Na Mzee Ramazani? Yeye tangu aingie, amepata kutoka?"

Alikuwa anakunja kitambaa cheupe pembe kwa pembe. "Mambo ya kambi mimi nayajulia wapi?"

"Unayajua. Unawauzia vitenge wanawake wa kule kila wiki, wanakueleza kila kitu. Wanaume wao wanatoka?"

"Saumu, usinipandishie sauti."

"Sijapandisha. Nakuuliza wanatoka au hawatoki."

Akaacha kitambaa. Shangazi yangu si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Alinilea tangu mama yangu alipofariki, na homa zangu zote alikesha nazo yeye. Alinitazama bila hasira.

"Baba yako alitaka kumkatalia," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia asikatae. Kijana akikataliwa anakaa mlangoni kwako, anakonda, watu wanamhurumia, na binti anatoroka naye. Akikubaliwa anaondoka mwenyewe, tena kwa shukrani. Mwache aende kumtafuta huyo mkubwa wake. Akimpata, watakaa huko na mkubwa wake."

Nilimsikia neno kwa neno, na bado akili yangu ilikuwa inakataa kuyaingiza.

"Amewakosea nini?"

"Hajakosea kitu. Kijana mzuri. Lakini kwao hakuna tena, mwanangu. Utaolewa uende wapi? Utazalia kwenye hema la plastiki? Ijumaa wazee wa mtaa wa Gungu wanakuja kumposea Musa, yule mwenye mashine ya kusaga. Baba yako amekwisha kuwaambia waje. Utalia wiki mbili, halafu utasahau. Mimi pia nililia."

"Ulimlilia nani?"

Akainuka na kikapu chake. Mimi nilikuwa karibu na mlango kuliko yeye, na miguu yangu ni ya msichana. Nikatoka mbio, sikufunga duka, sikuvaa hata viatu.

Stesheni watu walikuwa wamekaa chini kwa vikundi, kila ukoo na mizigo yake: masufuria, magodoro yamefungwa kwa kamba, kuku ndani ya ndoo. Hakukuwa na kelele. Hilo lilinitisha kuliko kelele. Watu walikuwa wamevaa nguo zao nzuri na wamechana nywele, wanasubiri kuitwa, na nilipopita katikati yao walinisogezea miguu kwa adabu. Treni yenyewe ilikuwa imesimama, milango wazi, ndani giza kwa sababu ya jua la nje.

Karimu nilimwona kwenye foleni ya behewa la nyuma kabisa. Nilimvuta pembeni kwa shati, nikamwambia yote mfululizo: maneno ya Shangazi, mkeka wa Baba, ule upole wake wote. Nilitegemea ang'ake. Nilitegemea aubebe mkoba wake turudi.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Muzee alinitumia neno zamani. Alisema, ukiingia huku, kutoka ni kwa shida. Nilijua siku ileile baba yako alipotabasamu."

"Na ukacheka? Ulitoka pale unacheka, Karimu."

"Nilicheka ili usilie."

Nilimpiga kifuani. Si kwa nguvu, lakini nilimpiga, na mama mmoja aliyekuwa amekaa juu ya godoro akageuza uso pembeni kutupa faragha.

"Kwa nini unakwenda, basi?"

"Kwa sababu ameniambia lete mukubwa. Nikibaki, nitakuwa mutu aliyeitwa kwa heshima akaleta visingizio. Bila muzee, mimi si mutu wa posa, ni mwizi. Nitaomba kibali. Watakataa, nitaomba tena. Utanisubiri?"

"Ijumaa wazee wa Gungu wanakuja kwa ajili ya mtu mwingine. Baba amewaita."

Hilo hakulijua. Niliona uso wake ukipauka. Akatazama treni, akanitazama mimi.

Foleni ikasogea. Mtu wa nyuma akamgusa Karimu begani asogee, akasogea, na mimi nikasogea naye.

"Mkubwa wako hawezi kuja kwa mkubwa wangu," nikasema. Nilikuwa nafikiri huku nasema, maneno yakinitoka kabla sijayapima. "Basi mkubwa wangu atamfuata wako. Nitakwenda na wewe. Nitakaa kwa Mzee Ramazani na mkewe, nitalala kwao kama binti yao, hutanigusa mpaka Baba aje mwenyewe kukaa kwenye mkeka wao. Atakuja. Mimi ni mtoto wake wa pekee."

"Saumu, rudi nyumbani."

"Nirudi kwa Musa?"

"Wewe unaona hii ni treni ya kwenda kutembea? Ukiandikwa humu umeandikwa. Hawatakuuliza tena wewe ni wa Ujiji. Utakuwa na karatasi kama yangu, na utaomba kibali kama mimi, na watakukatalia kama mimi."

"Naogopa," nikamwambia. "Usifikiri siogopi. Lakini nikirudi pale dukani nitakuhofia wewe, kila siku, uko wapi, unakula nini, kama bado uko hai. Hiyo siiwezi."

Macho yake yalijaa machozi. Akayafuta kwa mkono wa shati, mara moja, kwa haraka, kama mtu anayefuta jasho. Hakunikubalia. Hakunikatalia pia, na tulikuwa tumefika mlangoni.

Aliyekuwa anaandika alikuwa kijana mwenye fulana ya shirika la wakimbizi, amechoka, jua limemchoma pua ngozi ikabambuka.

"Jina?"

"Abdulkarimu Sefu. Baraka."

"Na huyu nani wako?"

Karimu alinitazama. Bado angeweza kusema hanijui, na mimi nilisubiri nione kama atasema.

"Mchumba wangu."

"Mchumba haandikwi. Mke, au ndugu?"

Nyuma yetu watu walikuwa wanasukumana kidogo. Filimbi ikapigwa mbele huko kwenye kichwa cha treni.

"Mke," Karimu akasema.

Ndivyo nilivyosikia neno lile likisemwa juu yangu kwa mara ya kwanza. Nyumbani lingesemwa kwa ubani na vigelegele. Hapa lilisemwa mbele ya mtu aliyekuwa anatafuta kalamu yake iliyoanguka.

"Jina lako, mama?"

"Saumu binti Kassimu."

"Kutoka?"

Kutoka mlangoni pale ziwa lilionekana lote, na ng'ambo ile milima ya kwao, buluu, mbali. "Baraka," nikasema. Akaandika bila kuinua macho.

Ndani joto lilikuwa la kupika mtu. Tulipata nafasi karibu na dirisha, miguu yangu mitupu juu ya mzigo wa watu nisiowajua. Mzee mmoja aliyekaa mbele yetu alitusogezea kipande cha mkeka bila kuulizwa. Karimu alikuwa ananitazama. Nilitaka nione furaha usoni mwake, hata kidogo, ya kunituliza. Furaha ilikuwapo. Lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko hiyo furaha, na nilijua hofu yenyewe ilikuwa kwa ajili yangu, kwa sababu yeye alikuwa amekwisha kuyaishi maisha ya ukimbizi niliyokuwa nayaingia.

"Mutu akikuuliza," akaninong'oneza, "usiseme sana. Watakusikia wewe si wa kwetu."

"Nitanyamaza."

"Wewe? Kunyamaza?"

Nikacheka, na kicheko kikanikatikia njiani, kwa sababu nilimwona Baba.

Mzee Kassimu hakimbii. Hata duka la jirani lilipoungua alitembea. Sasa alikuwa anakimbia kando ya mabehewa, kanzu ameishika mkononi, kofia haipo, anachungulia dirisha baada ya dirisha. Nyuma yake mbali alikuwa Shangazi Yusra, amesimama, ameshika kikapu kwa mikono miwili.

"Saumu," Baba alikuwa anaita. "Saumu. Mama. Uko wapi, mama?"

Ananiita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Hakuwa na hasira kwenye sauti. Laiti angekuwa na hasira. Nilijirudisha nyuma kwenye kiti, lakini dirisha lilikuwa wazi na kanga yangu nyekundu ilikuwa inaonekana, na akaiona. Akanyoosha mkono.

Askari aliyekuwa anafunga milango alisimama. Akamtazama Baba, akanitazama mimi, mguu mmoja ndani ya behewa.

"Dada," akasema, "yule mzee anakuita wewe?"

Karimu, aliyekuwa amenishika mkono, akauachia. Alinipa ruhusa, na niliielewa. Ningesema ndiyo, askari angenishusha pale pale na kunikabidhi kwa baba yangu, na jioni ningelala Ujiji kitandani kwangu, na Ijumaa wazee wa Gungu wangenikuta.

Niliutafuta mkono wa Karimu nikaushika tena.

"Hapana," nikasema. "Simjui."

Askari akainua mabega, akavuta mlango. Baba alikuwa amekwisha kufika chini ya dirisha, na alisikia. Akaacha kuita.